Samaki wa Ziwa Turkana: Je, Wapo wa Kutosha?

Mwanzoni mwa muhula huu nilipata barua kutoka kwa baba mdogo, ambaye amekuwa mvuvi wa Ziwa Kyoga tangu nilipokuwa mtoto mdogo. Baada ya salamu aliandika hivi: "Mwanangu, samaki wa hapa wamepungua, na nyavu zetu zinarudi na majani matupu. Nasikia kwamba katika Ziwa Turkana, upande wa Kenya, wamo sangara wakubwa kuliko mtu. Nataka kuuza ng'ombe wawili, ninunue nyavu mpya, niende huko. Wewe unayesoma habari za viumbe, niambie: samaki wapo au hawapo?"

Yafaa niseme wazi kwamba ng'ombe hao wawili ndio waliowekwa kwa ajili ya karo yangu ya mwaka ujao. Mtu mwenye ng'ombe katika shauri si shahidi mwema. Kwa hiyo niliazimia kufuata hesabu wala si moyo wangu. Nilikwenda maktaba, nikamsumbua mwalimu wetu wa elimu ya viumbe kwa maswali mengi, na hayo niliyojifunza nimeona vyema niwape wasomaji, maana wengi wetu ni watoto wa watu wa maziwa.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Turkana liko kaskazini mwa Kenya, na ncha yake ya juu inaingia Ethiopia. Urefu wake unapita kilometa 250, na upana wake ni kilometa 30 hivi. Nchi inayolizunguka ni jangwa la mawe na mchanga, yenye joto kali na upepo mwingi. Watu waliolijua tangu kale ni Waturkana, Wadasanech, El Molo na jirani zao. Mwaka 1888 wasafiri wawili kutoka Ulaya, Teleki na von Höhnel, walifika hapo wakaliita kwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1975, ndipo likaitwa Turkana.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba ziwa hili halina mto unaotoka. Maji huingia, lakini njia kubwa ya kutoka ni kupanda hewani kwa joto la jua. Kila mwaka jua huondoa maji ya kimo cha zaidi ya mita 2. Chumvi hubaki, kwa hiyo maji yana magadi: kila lita moja ina gramu 2 na nusu hivi za chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35, basi haya si makali kama ya bahari, lakini si matamu kama ya Kyoga.

Jambo la pili ni kwamba karibu maji yote yanayoingia, yaani sehemu 8 au 9 katika kila 10, huletwa na mto mmoja tu, Mto Omo wa Ethiopia. Mito ya Turkwel na Kerio huleta kidogo. Kumbuka mto huo, maana tutaurudia.

SAMAKI WALIOMO

Watu waliochunguza ziwa hili kwa bidii walikuwa wataalamu wa safari ya Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1930 na 1931, na baadaye kikundi kilichoongozwa na A. J. Hopson kati ya mwaka 1972 na 1975. Ziwani zimeonekana aina za samaki karibu 50, na 10 hivi kati yao hazipatikani popote pengine duniani.

Aina nyingi zilizobaki ni zile zile za Mto Naili. Labda utauliza, zilifikaje huko, na Naili iko mbali? Jibu ni kwamba miaka elfu kadhaa iliyopita mvua zilikuwa nyingi, ziwa likajaa kimo cha mita 80 na zaidi kupita lilivyo sasa, likafurika kuelekea kaskazini-magharibi hata maji yake yakafika Naili. Mvua zilipopungua njia ikafungwa, samaki wakabaki kama watu waliokatiwa daraja.

Hivyo sangara, ambaye Waganda humwita mputa na wenzetu wa Kenya mbuta, ni mwenyeji wa Turkana tangu kale. Hakuletwa na watu kama alivyoletwa Kyoga na Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Huko Turkana samaki wadogo wamezoeana na adui huyo kwa vizazi vingi. Tena yuko sangara wa pili, mdogo zaidi, mwenye mwiba mrefu mgongoni, akaaye maji ya kina; huyo hapatikani ila Turkana tu.

Samaki wa pili kwa faida ni sato, yaani ngege. Yeye hupenda maji haba ya pwani na ya ghuba. Dume huchimba kiota mchangani, na jike huyachukua mayai kinywani mpaka watoto waweze kujitegemea. Kwa sababu hiyo mayai yake si mengi. Sangara hutaga mayai kwa mamilioni lakini hayalindi. Wamo pia ningu, kambare, na samaki mwenye meno makali yaliyochomoza nje, ambaye wavuvi wa ndoana humlinganisha na chui-milia.

SAMAKI HUHESABIWAJE?

Mtu aweza kuhesabu ng'ombe zizini, lakini samaki hawaonekani. Wataalamu wana njia kadhaa. Nitataja mbili tu.

Njia ya kwanza ni ya alama. Chukua mfano huu niliobuni mwenyewe. Tunavua sato 200 katika ghuba ndogo, tunawatia alama, tunawarudisha majini. Baada ya siku chache tunavua sato 300, na katika hao tunaona 6 wenye alama. Yaani katika kila 50 mmoja ana alama. Basi ikiwa wenye alama wote ni 200, samaki wote ni 50 mara 200, yaani 10,000. Hesabu hii ni sawa ikiwa tu samaki wamechanganyika vizuri, alama hazikuanguka, na hakuna waliotoka au kuingia. Katika ghuba yawezekana. Katika ziwa la kilometa za mraba 6,000 na zaidi, ni kazi ngumu mno.

Njia ya pili ni kupima mavuno ya kila chombo. Huu nao ni mfano wa kubuni. Mwaka wa kwanza mitumbwi 10 inavua, na kila mmoja hupata samaki 30 kwa usiku: jumla 300. Mwaka wa pili habari zimeenea, mitumbwi imekuwa 40, na kila mmoja hupata 12: jumla 480. Mwenye kusimama sokoni atasema, "Samaki wameongezeka!" Lakini mvuvi mwenye macho ataona kwamba sehemu yake imeshuka kutoka 30 hadi 12. Soko limejaa, na ziwa linapungua. Hili ndilo fundisho kubwa nililolipata: usitazame jumla peke yake, tazama kila mtumbwi.

YALIYOTOKEA KATIKA GHUBA YA FERGUSON

Upande wa magharibi, karibu na Kalokol, kuna ghuba ya maji haba iitwayo Ferguson. Baada ya ukame mkubwa wa mwaka 1960 na 1961, Waturkana wengi waliopoteza mifugo walifundishwa kuvua huko. Katika miaka ya 1970 maji yalikuwa juu, sato wakazaana mno, na mwaka 1976 mavuno ya ziwa yalipita tani 15,000.

Ndipo watu wakaamini kwamba ziwa halina mwisho. Kwa msaada wa Norway kilijengwa kiwanda kikubwa huko Kalokol cha kugandisha samaki kwa barafu, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini mashine zilihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili ni ghali jangwani. Gharama ilishinda bei ya samaki, kiwanda kikafanya kazi muda mfupi tu. Tena katika miaka hiyo hiyo maji ya ziwa yalishuka, ghuba ikakauka, na mahali sato walipokuwa wakichimba viota pakawa vumbi.

Je, wavuvi walikuwa wavivu? La. Je, wafadhili walikuwa wabaya? La. Kosa lilikuwa kuchukua mwaka mmoja wa neema na kuufanya kuwa kawaida ya miaka yote.

MTO OMO NA MABWAWA

Sasa turudi kwenye Omo. Kila mwaka, mvua za nyanda za juu za Ethiopia huujaza mto kuanzia mwezi wa Juni hivi, nao huingiza ziwani maji ya udongo yenye rutuba. Mimea midogo sana ya majini hupata chakula, wadudu hula mimea, samaki wadogo hula wadudu, na sangara huwala samaki wadogo. Aina nyingine hungoja gharika hiyo ili zipande mtoni kutaga mayai. Kwa hiyo gharika ni kama kengele ya chakula na ya uzazi.

Ethiopia imejenga juu ya Omo bwawa la umeme liitwalo Gibe III, lenye ukuta wa kimo cha mita 243. Lilianza kujazwa mwaka 2015 na kufunguliwa rasmi mwaka 2016. Bwawa la umeme hutoa maji kwa kadiri moja mwaka mzima, kwa hiyo gharika hupungua nguvu. Tena maji mengine huchukuliwa kumwagilia mashamba ya miwa. Kwa ajili ya hofu hiyo, mwaka 2018 hifadhi za taifa za Ziwa Turkana ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Lakini usidhani kwamba jambo ni jepesi: mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 ziliinua maji hata yakafunika makao na njia za watu wa pwani. Ziwa hili hupanda na kushuka, na samaki hupanda na kushuka pamoja nalo.

MVUVI WA NDOANA

Wako wasomaji ambao hawataki tani, bali wanataka samaki mmoja wa kukumbukwa. Kwao Turkana bado ina tumaini jema. Sangara aweza kufika urefu wa karibu mita 2. Yule anayeshika sifa ya kuwa mkubwa kuliko wote waliovuliwa kwa ndoana na ufito alikuwa na kilo 104, naye alipatikana mwaka 2000 katika Ziwa Nasser huko Misri. Na sangara wa Turkana ni wa aina ile ile. Sangara hujificha kando ya miamba na visiwa, mahali maji yanaposhuka ghafula, akivizia samaki wadogo. Mshipi uwe imara, na chambo kiwe samaki mdogo au kipande cha bati king'aacho kinachokokotwa nyuma ya mashua.

Lakini angalia mambo matatu. Upepo wa kusini-mashariki huwa mkali usiku na asubuhi, na umezamisha vyombo vingi. Mamba ni maelfu, kwa hiyo usisimame majini. Na ukimpata jike mkubwa, jua kwamba huyo ndiye mwenye mayai mengi kuliko wote. Mpime, mwangalie, umrudishe.

JIBU LA BARUA

Nilimwandikia baba mdogo hivi: "Samaki wapo. Waliokaushwa hubebwa kwa malori mpaka mbali, hata Kongo. Lakini usinunue nyavu kwanza. Panda gari hadi Moroto, uvuke Lodwar, ufike Kalokol mikono mitupu. Ziwa lina wenyewe, na ni nchi nyingine. Uliza habari za kibali kwa wakubwa wa uvuvi, ukawaamkie wazee wa ufukweni. Kisha kaa mwezi mmoja ukihesabu: mitumbwi mingapi imetoka, kila mmoja umerudi na samaki wangapi, wa ukubwa gani, na tundu la wavu ni kiasi gani. Waulize wazee mwaka jana kila mtumbwi ulipata wangapi. Sehemu ya kila mtumbwi ikiwa inashuka, rudi nyumbani, hata kama soko limejaa."

Ndani ya bahasha nilitia daftari moja la shule, nikiwa nimelipigia mistari: tarehe, mitumbwi, samaki, urefu, maneno ya wazee.

Wiki iliyopita jibu lilifika. Ng'ombe bado wamo zizini. Baba mdogo anaondoka baada ya mavuno ya mtama, na anasema daftari moja halitatosha, nimpelekee la pili, maana anataka kuanza kuhesabu mitumbwi ya Kyoga kabla hajaondoka.