Kisima Kikavu na Bei ya Hisa

Swali: Bwana Mhariri, kwa nini hisa za kampuni itafutayo mafuta huporomoka kwa siku moja, ilhali kisima kilichokosa mafuta ni kimoja tu?

Jibu: Kampuni ambayo haijauza hata pipa moja la mafuta, bei ya hisa zake aghalabu ni thamani ya matumaini, nayo yakitoweka wenye hisa hukimbilia kuuza kwa pamoja na wanunuzi wakaadimika. Desemba 2010 Desire Petroleum ya Uingereza, ikichimba kaskazini ya visiwa vya Falkland, ilitangaza Ijumaa kuwa kisima cha Rachel North kina mafuta. Jumatatu ikakiri kwamba ni maji, na hisa zikapoteza takriban nusu ya thamani. Basi kabla ya kuuza kwa taharuki, tazama fedha taslimu iliyosalia na visima ambavyo havijachimbwa.