Fundisho: Kumlea Mtoto Kando ya Barabara

Barabara kubwa itokayo Goma hupita Rutshuru, ikafika Butembo na Beni. Kando yake nyumba nyingi zimejengwa hatua chache tu toka njiani. Soko liko hapo, na watoto huchezea hapo hapo.

Mfano. Mama auza ndizi upande mmoja wa barabara. Mwanawe wa miaka minne acheza upande wa pili. Mama aita: “Njoo upesi!” Mtoto autupa mpira wake, akimbia kwa mamaye, wala hatazami. Kamyo yaja. Dereva akanyaga breki kwa nguvu. Kamyo yasimama, mavumbi yatanda, mtoto yu mzima. Ndipo mama ashika fimbo, ampiga, asema: “Kwa nini hukutazama?”

Je, mtoto alikosa nini? Aliitwa, akaitika. Utii wake ndio uliomtia hatarini. Na siku nyingine, akiiona fimbo mkononi mwa mama, atakimbilia wapi? Pengine barabarani.

Kwa nini mtoto mdogo hawezi kujilinda?

Mtoto hufikiri jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akiuona mpira, haioni kamyo. Tena hajui kupima mwendo. Motokari iendayo kilometa 60 kwa saa hupita zaidi ya meta 16 kila sekunde moja, nayo hutangulia mbali kabla mguu wa dereva haujakanyaga breki. Tena mtoto ni mfupi: dereva wa kamyo, aliyeketi juu, hamwoni aliye karibu na mbele ya gari. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba ajali za barabarani huua watu wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote.

Adabu iliyo njema

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Kukunja si kuvunja. Mtume Paulo naye, katika barua yake kwa Waefeso, aliwaonya akina baba wasiwatie watoto wao uchungu, bali wawalee kwa mafundisho. Fimbo humfundisha mtoto kumwogopa baba. Haimfundishi kuijua barabara. Kwa hiyo yawapasa wazazi haya:

1. Wasimwite mtoto aliye ng’ambo ya barabara. Mzazi avuke mwenyewe, amchukue.

2. Mtoto mdogo ashikwe kwa mkono, naye mtu mzima akae upande wa magari.

3. Katika Kongo magari hupita kuume. Basi waendao kwa miguu wapite kushoto, ili waione motokari inayowajia. Kabla ya kuvuka wasimame, watazame kushoto, kuume, na kushoto tena. Kusikiliza tu hakutoshi: chukudu kilichojaa mizigo hutelemka bila mlio wa mashine, wala hakisimami upesi.

4. Mtoto akikimbilia barabarani, aondolewe mchezoni papo hapo, aambiwe sababu kwa maneno machache, kisha arudishwe ukingoni, avuke tena polepole pamoja na mzazi. Lililokatazwa leo likatazwe na kesho.

5. Mtoto wa miaka saba asiachiwe mdogo wake njiani. Mlezi huyo naye angali mtoto.

Maswali

Amri ya tano yatuagiza nini?
Yatuagiza kuulinda uhai wetu na wa wenzetu.

Mzazi amwachaye mtoto barabarani bila mlinzi, je, ameishika amri hiyo?
Hakuishika, hata kama hakuna ajali iliyotokea.

Mtoto hujifunza kuvuka kwa nani?
Kwa mzazi avukaye vema kila siku mbele ya macho yake.

Kusudi la juma hili

Kila mzazi achague pamoja na watoto wake mahali pamoja pa kuvukia, panapoonekana mbali pande zote mbili, awapitishe hapo kila siku. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini barabara haina fundisho la pili.