Moyo wa Kijana Mwanamichezo: Lililo la Kawaida na Linalohitaji Kupimwa

Moyo ni msuli, nao hubadilika kwa kadiri ya kazi unayopewa. Kijana anayekimbia masafa marefu kwa miaka kadhaa, vyumba vya moyo wake hupanuka na kuta zake huongezeka unene kidogo, hata kila pigo likasukuma damu nyingi zaidi. Ndiyo maana apumzikapo mapigo yake huweza kushuka chini ya 50 kwa dakika, ilhali kwa watu wazima wengi huwa kati ya 60 na 100. Daktari wa Uswidi, Salomon Henschen, aliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1899. Si maradhi, na kwa kawaida hupungua mazoezi yakipunguzwa.

Hata hivyo, kwa mwanamichezo mwenye afya ni nadra ukuta wa chumba cha kushoto cha chini kuzidi milimita 12. Ukizidi, daktari huchunguza kama upo ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa msuli wa moyo, ambao huweza kuvuruga mapigo ghafla katikati ya mazoezi.

Katika mji wa Maskati joto huficha mengi. Kijana akizirai njiani, wa kwanza kulaumiwa ni jua. Hupewa maji, akapelekwa kivulini, na mambo yakaishia hapo. Anayeishiwa nguvu baada ya kusimama, mara nyingi ni damu iliyotuama miguuni. Lakini anayezirai huku angali anakimbia asirudi mazoezini kabla ya kupimwa umeme wa moyo na kupigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hata kama siku hiyo ilikuwa ya joto kali. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ovyo wakati wa mazoezi.

Daktari ataulizia ukoo. Familia nyingi za hapa zina jamaa waliozikwa Unguja, Pemba au Mombasa, na habari ya ami "aliyeanguka tu" akiwa na miaka thelathini huenda wanaijua bibi na shangazi peke yao. Waulizwe kabla ya siku ya miadi.

Kijana akianguka, haitikii wala hapumui kawaida, ipigwe simu 9999, na kifua kibonyezwe katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine akimbilie mashine ya kushtua moyo iliyo karibu. Kibonyezo kisikatizwe hadi ifike.