Ukija Saiti kwa PT: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huenda mafunzo kwa vitendo (PT) mara tatu kabla ya kuhitimu, wiki 8 kila mara, na alama zake zinaingia kwenye matokeo kama za somo jingine lolote. Vyuo vingine vina utaratibu wao. Haya ni ya yeyote anayekuja saiti, atoke chuo chochote. Mimi ni msimamizi wa saiti, na sibembelezi mtu.

Omba nafasi mapema. Barua ya chuo ikishatoka ipeleke mwenyewe, kisha rudi kufuatilia. Ukiileta Jumatatu ya kuanza PT, utakuta wenzako wameshagawiwa kazi.

Usifuate jina la kampuni. Kukaa kwenye kiyoyozi ukitoa fotokopi wiki 8 hakukufanyi uwe mhandisi. Karakana ya kuchomelea pale Gerezani, Dar es Salaam, au saiti ya ghorofa tatu yenye mhandisi anayejibu maswali, itakupa zaidi.

Vaa unavyotakiwa. Kofia ngumu, reflekta, buti zenye chuma mbele. Raba ziache bwenini. Na usiguse paneli ya umeme kwa sababu tu mtu amepaza sauti kwamba "umeme umekatwa". Uliza swichi imefungwa kufuli na nani, na ufunguo anao nani. Ukijibiwa "we fanya tu", ondoka hapo.

Shika koleo. PT ya kwanza unafanya kazi za fundi mchundo, ya pili za fundi sanifu, ya tatu ndipo unaanza kumkaribia mhandisi. Kuna vijana wa mwaka wa kwanza wanaokuja na kishikwambi wakitaka kuoneshwa ofisi ya michoro. Kafunge nondo kwanza. Ukishajikata vidole na waya ndipo utaelewa kwa nini mchoro unaobananisha nondo nane kwenye kona ya nguzo unawafanya mafundi watukane. Na fundi aliyekuzidi umri muamkie. Hana digrii, lakini zege analijua kwa kulitazama.

Andika logibuku, daftari lako la kumbukumbu za kazi, siku hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi mnapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. "Leo tumemwaga zege la slabu" si kumbukumbu, hata mlinzi wa getini angeweza kuiandika. Mwenzako aliyekuwa macho ameandika hivi: slabu ya ghorofa ya pili, slampu ya gari la kwanza mm 80, ya gari la tatu mm 160, mhandisi amelirudisha gari la tatu. Pembeni amechora ile koni ya chuma ya kupimia slampu, yenye kimo cha mm 300, akaonesha kwamba hujazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25, kisha koni huinuliwa wima bila kuyumba na kipimo ni kiasi zege lilichoshuka. Halafu ameuliza swali: je, dereva aliongeza maji njiani? Swali hilo moja linaniambia alikuwepo, na msimamizi wa chuo ataliona vilevile.

Usipike namba. Kyubu za zege huvunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Wewe umeondoka siku ya 20, nguvu ya siku ya 28 umeipata wapi? Andika kwamba matokeo hayajatoka. Hakuna atakayekukata alama kwa kusema kweli. Anayezoea kubuni namba akiwa mwanafunzi, kesho anaidhinisha jengo la watu.

Usinunue muhuri. Wapo wanaokaa nyumbani wiki 8, kisha wanatafuta mjomba mwenye kampuni awagongee. Huko ni kughushi, na kwenye mahojiano ya ripoti maswali mawili yanatosha kuwaanika. Ukishahitimu kuna miaka 3 ya SEAP, mafunzo ya wahandisi wahitimu, chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na huko nako utaandika kumbukumbu za kazi. Mjomba atachoka.

Usikubali kuuziwa saini. Msimamizi anayedai penzi ili asaini anatenda kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe aliokutumia, mwambie mratibu wa PT chuoni, piga 113 TAKUKURU. Nawaambia na wasimamizi wenzangu, maana mnasoma.

Panga hela yako. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake. Si la simu mpya. Sehemu nyingi hazitakulipa hata nauli, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza.

Msimamizi wa chuo akija, akukute kazini. Simu iwe hewani, namba ya saiti aliyonayo iwe sahihi. Mwoneshe kazi wewe mwenyewe, usinisukumie mimi nikueleze.

Usiniletee logibuku ya wiki 8 nisaini kwa mkupuo. Nasaini kila Ijumaa kabla ya saa kumi. Wiki ambayo hukuleta, sitaisaini baadaye.