Samaki wa mapambo: tutunze maji kwanza

Samaki wadogo wa mapambo, kama vile gapi, mara nyingi hufa wiki za mwanzo katika tangi jipya la kioo. Wengi hawafi kwa njaa. Huuawa na sumu iliyomo katika maji yanayoonekana safi kabisa.

Sumu hiyo hutoka wapi? Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye chujio na changarawe huigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitrati, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha.

Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Tuanze na samaki wachache, tuongeze kidogo kidogo.
2. Tuwape chakula wanachoweza kumaliza kwa dakika 2 au 3.
3. Kila wiki tubadilishe robo ya maji, si yote.
4. Klorini huunguza matamvua. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi saa 24.
5. Chujio lioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwani klorini huua bakteria wetu.

Samaki wakihema juu ya maji, tubadilishe robo ya maji siku hiyohiyo na kupunguza chakula.

Swali la kujadili: kabla kikundi hakijanunua samaki, nani watashika zamu ya maji kila wiki?