Kuuzuru Mji wa Lebda kwa Ramani

Muhula huu katika Chama cha Historia tulibishana neno moja: Je, magofu ya Warumi yatuhusu nini sisi Waafrika? Wengi walisema hayatuhusu hata kidogo, ni mambo ya Ulaya. Mimi nilikuwa upande wa wachache, na kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla sijazimaliza hoja zangu, nimemwomba mhariri anipe nafasi nizimalize hapa.

Mji ninaotaka kuwaeleza haupo Ulaya. Uko Afrika, pwani ya Libya, karibu na mji wa Khoms, kadiri ya kilometa 120 mashariki ya Tripoli. Katika vitabu huitwa Leptis Magna, lakini wenyeji huuita Lebda. Kufika huko si rahisi. Mwaka 2011 nchi ile iliingia vitani, ikapigana tena mwaka 2014, na tena mwaka 2019 hata 2020, na wasafiri wengi wameiogopa tangu hapo. Nami ni kijana wa miaka kumi na saba, ambaye hata nauli ya likizo hutafutwa nyumbani kwa taabu. Basi nimefanya niliyoyaweza: nimeinakili ramani ya magofu, nikawa natembea humo kwa kidole. Tafadhalini tufuatane.

Twaanzia penye njia panda, chini ya lango kubwa la mawe lenye nyuso nne, moja kwa kila njia. Tukishika njia iendayo baharini tutafika sokoni. Soko hili lilijengwa mwaka 8 kabla ya Kristo. Humo mna kitu ambacho kwangu chapita malango yote: jiwe lililochongwa vipimo vitatu vya urefu, dhiraa ya Wafoinike, futi ya Warumi na dhiraa ya Misri. Mnunuzi akidhani amepunjwa kitambaa, alikwenda kukipima juu ya jiwe mbele ya watu. Yafaa wenye maduka ya siku hizi walifikirie jiwe hilo.

Aliyelitoa soko kwa fedha zake ni tajiri mmoja wa mji, Annobal Tapapius Rufus. Litazameni jina hilo vizuri. Rufus ni la Kirumi, lakini Annobal ni lile lile la Hannibal, yule jemadari wa Karthago aliyeitetemesha Rumi. Huyu hakuwa Mrumi aliyeletwa kwa meli. Mji ulianzishwa na Wafoinike, wafanya biashara waliotoka pande za Lebanoni zaidi ya miaka 600 kabla ya Kristo, nao wakachanganyika na wenyeji. Mwanzoni mwa karne ya kwanza Annobal alijenga pia jumba la michezo, ambalo ukikaa ngazi za juu waiona bahari nyuma ya jukwaa. Akaandikisha jina lake kwenye jiwe kwa lugha mbili, Kilatini na lugha ya wazazi wake. Sisi tunaosema Kiingereza darasani, Kiswahili bwenini na lugha ya mama likizoni tungemwelewa mara moja.

Mtu atauliza, utajiri huo ulitoka wapi? Ulitoka katika zeituni. Katika vilima vya Tarhuna, nyuma ya mji, kuna mawe marefu ya mitambo ya kukamulia mafuta ambayo yangali yamesimama. Julius Caesar alipowashinda adui zake katika Afrika mwaka 46 kabla ya Kristo, aliutoza mji huu faini kwa kuwa ulikuwa upande wao: ratili milioni 3 za mafuta kila mwaka. Mtu hamtozi maskini faini ya namna hiyo.

Sasa nafika kwenye hoja ambayo kengele iliikata. Mwaka 145 alizaliwa Lebda mtoto aliyeitwa Septimius Severus. Mwaka 193 akawa Kaisari wa dola yote ya Rumi, na mwaka 211 akafa York, Uingereza, alikokwenda kwa vita. Kama alikuwa mweusi au mweupe sitaki kubishana hapa. Alizaliwa Afrika, na hilo latosha kwa hoja yangu. Mwandishi mmoja wa kale asema kwamba matamshi yake yalibaki ya Kiafrika hata uzeeni, na kwamba dada yake alipomtembelea Rumi alisema Kilatini kibovu hata Kaisari akaona haya, akampa zawadi na kumrudisha kwao. Kitabu hicho kina chumvi nyingi, kwa hiyo siapi kwamba ni kweli. Lakini ikiwa ni kweli, mimi namhurumia dada.

Kwao Severus hakukusahau. Lile lango la njia panda ni la heshima yake. Alijenga uwanja mkubwa wenye vichwa vya mawe vya yule mwanamke wa hadithi ambaye nywele zake ni nyoka, na kando yake ukumbi wenye nguzo nyekundu kutoka Misri. Akaitengeneza na bandari. Lakini bandari ilijaa tope la mto Lebda, biashara ikafa, maadui wakaingia, na mwisho mchanga ukaufunika mji. Mchanga huo ndio uliouhifadhi.

Hata hivyo haukuhifadhi vyote. Zamani za mfalme Louis wa Kumi na Nne, balozi wa Ufaransa katika Tripoli alisafirisha nguzo nyingi kwenda kwao. Baadaye balozi wa Uingereza, Warrington, akafanya vivyo hivyo. Shehena yake ilifika London mwaka 1818, na nguzo hizo sasa zimesimamishwa kandokando ya ziwa la Virginia Water kuwa pambo la bustani ya kifalme. Mtoto wa Kiingereza aweza kuziona baada ya masomo. Wataliani walipoitawala Libya ndio walioufukua mji kwa utaratibu.

Mwaka 2016 Lebda iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kama Kilwa Kisiwani yetu ilivyoandikwa mwaka 2004 hata ikaondolewa mwaka 2014. Mwaka 2017 risasi ziliupiga ukumbi wa michezo wa Sabratha, mji ndugu wa Lebda upande wa magharibi. Lebda yenyewe ilisalimika na hasara kubwa ya vita, na watu wa jirani walijitolea kuyalinda mawe yao.

Ramani nimeibandika katika chumba cha historia, karibu na dirisha. Atakaye kutembea atumie kidole, si kalamu, maana nakala ni hiyo moja tu.