Nafasi ya Mimea na Mbolea katika Shamba la Pamba

Mkulima apitaye kando ya shamba la jirani yake na kuona mipamba mirefu yenye majani tele huenda akaona wivu. Asifanye haraka, kwani pamba haiuzwi kwa majani.

Mpamba una matawi ya namna mbili. Yale ya chini hukua kama mashina madogo na huchelewa kuzaa. Yale ya juu yake hutoa maua upesi. Mimea ikipandwa mbalimbali sana, matawi ya chini huwa mengi, na maua huendelea kutoka muda mrefu. Mmea mmoja utakuwa na vitumba vingi, lakini havitakomaa pamoja. Ikikaribiana kwa kiasi, kila mmea huzaa vitumba vichache zaidi, navyo hufunguka mapema. Na kwa kuwa mimea ni mingi, eka nzima huzaa zaidi. Mistari ikiachana sentimeta 90, na shimo hadi shimo sentimeta 30, eka moja hupata mashimo karibu 15,000. Kwa nafasi ya sentimeta 120 na 60 hayafiki hata 6,000. Lakini mimea isisongamane mno, maana vitumba vya chini vikikosa hewa huoza.

Mbolea nayo yataka akili. Naitrojini hukuza majani na matawi, na ardhi iliyochoka huihitaji. Ikizidi, au ikitiwa kwa kuchelewa, mmea husahau kuzaa ukaendelea kuota, na wadudu hupenda majani yake mororo. Fosforasi, itiwayo wakati wa kupanda, hutia nguvu mizizi na kuhimiza kukomaa mahali ambapo udongo umepungukiwa nayo. Samadi iliyooza vizuri ina vyote viwili, ingawa kwa kiasi kidogo.

Tangu ua kuchanua mpaka kitumba kufunguka hupita siku 50 au zaidi. Kwa hiyo kando ya Ziwa Victoria, ua lililochelewa huweza kuleta pamba wakati mvua za vuli zimekwisha anza. Nyuzi hulowa na kupata madoa, na jasho la miezi sita likauzwa kwa bei ya daraja la pili.

Wengi huona huruma kung'oa miche waliyoipanda wenyewe. Ing'oeni ingali midogo, udongo ukiwa na unyevu, mbakize miwili iliyo na afya katika kila shimo.